Vitabu Ninavyomsomea Fundi

Kaka yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima zote za mdogo kwa mkubwa wake, nawe unajua kwamba heshima zangu huwa sizigawi ovyo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa penye upepo, goti limetulia, na shemeji yangu bado anakushinda kwa maneno. Wasalimie watoto, hasa yule wa mwisho anayesema shangazi yake anatisha. Mwambie hajaona kitu. Mimi ni mzima. Meno yangu yote ninayo na bado ninayatumia.

Nimeamua kuandika kwa sababu wewe na simu hamjawahi kupatana. Ukiibandika kwenye sikio la kulia hubaki na kitu, mtu akikusalimu kutoka upande wowote humsikii, naye anaondoka akisema unajidai. Tena jambo nililo nalo ni refu, na kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika katikati. Barua utaichana ukitaka, lakini nakujua, utaimaliza kwanza.

Jambo lenyewe ni kwamba baba yuko kwangu.

Nimekuachia nafasi hapo juu uvute pumzi. Sijasahau ulichosema siku ya mazishi ya mama, mbele ya watu, na shangazi akiwa ameshika birika. Ulisema hutakanyaga tena mahali alipo mzee yule mpaka aseme kwa mdomo wake mwenyewe alichokufanyia. Shangazi akauliza alichokufanyia nini, si alikulea? Na baba akajibu, kwa ile sauti yake ya fundi cherehani anayempokea mteja, kwamba yeye hajawahi kumpiga mtoto, ila kumwonya tu, na kwamba sikio lako lilikufa kwa homa. Uliondoka bila kuaga. Nilikuona ukifika getini, na sikukuita, kwa sababu ningekuwa mimi ningeondoka mapema zaidi.

Shangazi ndiye aliyemleta. Macho ya baba yamekwisha. Daktari anasema ni presha ya macho, na kwamba angewahi hospitali yangeokolewa. Shangazi alinipangia hoja zake pale pale mlangoni. Kwamba mimi sina mume, sina mtoto, nina vitabu, na vitabu havihitaji chumba. Nikamjibu kwamba vitabu havijawahi kuniuliza nimerudi saa ngapi. Akacheka, akaweka begi chini, akasema gari linamsubiri. Nikatoka kumfuata ili nimalizie ugomvi, nikamkuta baba amesimama kwenye korido, anapapasa ukuta akitafuta mlango. Mimi, ambaye hulipwa kwa kubishana, nikamshika mkono nikamwingiza ndani. Usinisifu kwa hilo, na usinilaumu. Nakueleza tu jinsi ilivyokuwa.

Kazi yangu unaijua, lakini nikukumbushe kipande chake kimoja. Kila wiki naandika gazetini kuhusu vitabu, na kwa miaka kadhaa sasa wasomaji wananijua zaidi kwa aina moja: vile ambavyo watu wazima wanasimulia walivyoumizwa utotoni, majumbani mwao, na watu waliopaswa kuwalinda. Mhariri wangu anaiita rafu ile "rafu ya vilio." Nimeitetea kwa ngumi na mateke. Nimegombana na wanaosema waandishi hao wanaanika aibu ya nyumba, kana kwamba aibu iko kwenye kusema. Nimegombana na wachapishaji wanaomlazimisha mtu aliyevunjwa mbavu afunge kitabu kwa msamaha, ili msomaji alale vizuri. Juzi maktabani, tukijadili kitabu cha binti mmoja, mwalimu mkuu mmoja mstaafu alisimama akasema wao walichapwa na wako sawasawa. Nikamuuliza, mzee wangu, mtu aliye sawasawa anatoka kwake kwenye jua hili kuja kumkemea binti asiyemjua kwa sababu ameandika kwamba alilia? Watu walicheka. Yeye hakucheka, na baadaye nilimwona nje anahesabu kwa vidole kitu ambacho sikukisikia.

Lakini nina ugomvi na vitabu vyenyewe pia, na huo sijauandika popote. Karibu vyote vinaisha mapema mno. Mtoto anakua, anaondoka, anafunga mlango, mwisho. Au anasimama kando ya kaburi, mvua inanyesha, mwisho. Sijaona hata kimoja kinachoeleza siku ambayo yule yule mzee anakunyooshea mguu akuombe umkate kucha. Nimesoma rafu nzima nikiutafuta ukurasa huo. Haupo. Nilimkata kucha bila mwongozo.

Sasa sikiliza jinsi tulivyoanza. Mimi nina mazoea ya kazi ambayo wenzangu huyacheka: kitabu nakisoma kwa sauti. Sentensi isiyosimama mdomoni, hata kwenye karatasi haisimami. Alasiri moja baada ya chakula nilikuwa mezani na kitabu cha mwanamke ambaye mjomba wake alikuwa akimfungia kwenye banda la kuku. Baba alikuwa kwenye kiti chake dirishani. Redio ameikataa, anasema watangazaji wa siku hizi wanaongea kama wamebanwa na mlango. Akauliza ni nani huyo anaongea. Nikasema ni kitabu. Akasema, basi endelea.

Nikaendelea. Nilipofika pale mtoto anakunywa maji ya kuku, nilisikia kitu kama kikohozi. Baba alikuwa analia. Akasema huyo mjomba si mtu. Akauliza ni mtu wa namna gani anayeweza kumfanyia mtoto hivyo, na kama serikali ilimfunga. Nikasema hakufungwa. Akatukana, kaka, tusi ambalo sijawahi kulisikia kinywani mwake hata siku zile.

Tangu hapo ikawa desturi ya nyumba. Mimi nasoma, yeye anasikiliza. Tulimaliza cha banda la kuku tukaingia cha kijana aliyechomwa kwa pasi, kisha cha mapacha na mama yao wa kambo. Kila kitabu alikilia, na kila baba mkatili alimhukumu bila kuchelewa. Shangazi alikuja kumjulia hali akatukuta katikati ya mapacha. Akaja juu, akasema kitu gani hiki unachomsomea mgonjwa, unataka kumuua? Baba akamwambia anyamaze, tumefika pabaya.

Nilikuwa namwangalia kama ninavyoiangalia sentensi nisiyoiamini. Nilingoja dalili. Kope, mkono, pumzi, chochote. Hakuna. Alilia kama mtu anayelilia watoto wa jirani. Nikaanza kufikiri kwamba labda hadanganyi, labda kweli hajui, kwamba mtu anaweza kufanya jambo na kulisahau kama mteja asiyerudi kuchukua suruali yake.

Na hapo ndipo nikayakumbuka mashati. Sijui kama wewe hufikiria mashati. Mimi siwezi kupita duka la vitambaa bila kuyafikiria. Alikuwa akitupiga jioni, na kesho yake tukirudi kutoka shule tunakuta shati jipya mezani, limepigwa pasi, mikono mirefu, kola imesimama. Lako la buluu, langu lenye maua. Hakuna aliyesema kitu. Tulivaa. Mtaa mzima ulituita watoto wa fundi, nadhifu hata kwenye joto, na walimu walitusimamisha mbele ya wenzetu tuwe mfano. Jirani yule mnene alikuwa akimwambia mumewe, tazama fundi anavyowapenda wanawe, wewe wanao wanatembea matumbo wazi. Na mama, Mungu ampumzishe, ndiye aliyeshona vifungo. Sijaona kitabu chenye kitu kama hicho, na nimesoma vingi.

Sasa nifike nilikokuwa nakwenda tangu mwanzo.

Wiki iliyopita tulimaliza mapacha, na vitabu vipya vilikuwa havijafika kutoka kwa muuza vitabu wangu. Baba alikaa dirishani, mikono magotini, akauliza, leo nini? Ningeweza kusema leo hakuna. Badala yake nilichukua kamusi, ile kubwa, nikaifungua mapajani ili asikie karatasi, nikaanza kumsomea kitabu ambacho hakipo.

Nilimgeuza fundi kuwa seremala. Mashati nikayageuza kuwa vigoda: kila mtoto akipigwa, kesho yake anakuta kigoda kipya kimepakwa vanishi. Nikamweka kijana na mdogo wake wa kike. Nikasimulia siku ambayo kijana alikosea kuukata ubao wa kitanda cha bwana harusi, nawe unajua ulikuwa kitambaa gani na suti ya nani. Nikasimulia jinsi alivyoambiwa asimame wima, mikono nyuma. Nikasimulia rula ya mbao. Nikasimulia mdogo wake aliyekuwa chini ya meza ya kazi, kwenye vumbi la mbao, anaona miguu tu: miwili imetulia, miwili inacheza. Nilifunua kurasa pale zilipostahili kufunuliwa. Sauti haikunitetereka. Nimesoma vya kutosha kujua kwamba inapotetereka msomaji huanza kukuonea huruma wewe, anaisahau habari.

Sikio lako sikuligusa. Tuliahidiana chini ya meza ile ile, mimi na wewe, kwamba hilo ni lako kulisema na si la mtu mwingine, na ahadi hiyo nimeishika. Kijana wa hadithi yangu alipigwa, akaanguka, akaamka, akapewa kigoda. Basi.

Baba hakulia. Hilo nililiona kwanza. Wala hakumtukana yule seremala, yeye aliyewatukana wote. Alikuwa ameshika kitambaa cha suruali yake juu ya goti, anakisugua kati ya vidole viwili, vile alivyokuwa akifanya dukani mteja akileta kitambaa chake mwenyewe na yeye anataka kujua kama ni pamba kweli. Nilipofunga kamusi, akaendelea kusugua. Jirani wa juu akaburuta kiti. Baba akauliza, uso wake bado dirishani, "Na sikio lake?"

Nikamwambia kitabu hakisemi habari za sikio.

Akasema, "La kushoto. Lilirudi?"

Kaka, nina maneno mengi. Watu wananiogopa kwa ajili ya maneno. Nilitafuta moja. Nikasema, "Halikurudi."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei. Kisha akaniuliza mabega yako sasa ni mapana kiasi gani. Nikasema sijui, mapana, wewe ni mtu mzima. Akasema nimtafutie kitambaa, mita mbili na nusu zingetosha, mkasi anao, na mikono yake ingali inajua njia hata bila macho. Nilimwelewa mara moja, na ndipo hasira yangu ikarudi, na nilifurahi kuiona kama mtu anavyofurahi kuona miwani yake. Nikamwambia hapana. Nikamwambia mashati yametosha, kwamba katika nyumba hii hakuna atakayevaa shati lingine juu ya jambo ambalo halijasemwa. Akiwa na la kumwambia mtu, aseme.

Akakilainisha kwa kiganja kile kitambaa cha suruali juu ya goti. Kisha akasema, "Basi mwandikie. Mwambie nimeuliza."

Nimekuandikia. Nimekwambia ameuliza.

Utaniuliza kama huko ni kukiri. Mimi ninayewahukumu wenzangu kwa miisho yao, nimekaa na maneno hayo wiki nzima na sijui niyaweke rafu gani. Hakusema "nilimpiga." Hakusema "nisamehe," na angesema ningemshuku. Aliuliza habari za sikio ambalo sikulitaja, akalitaja upande wake, na neno homa halikutoka. Nakupa yalivyo, bila kuongeza, nawe unajua kwamba mimi huongeza. Shangazi ameshaanza kupiga simu akisema mzee amelainika na sasa ni zamu yako kuwa na moyo. Nimemkatia. Hakuna anayekudai moyo hapa. Uliweka sharti, na wewe peke yako ndiwe wa kusema kama limetimia. Ukisema bado, nitalifunga jambo hili na wala sitakuwa na kinyongo. Nitaendelea kumkata kucha.

Tangu siku ile hajaniomba kitabu. Alasiri anakaa, nami nasoma kimoyomoyo, jambo ambalo linaniharibia kazi kabisa.

Msalimie shemeji, na umwambie ile sweta aliyonipa inanibana lakini ninaivaa kwa ukaidi. Wabusu watoto. Jitunze, punguza chumvi, na ujibu hata kwa mstari mmoja, hata kama mstari wenyewe ni wa kunitukana.

Na kama utakuja, usihangaike na mahali pa kukaa. Nimeshakihamisha kiti chake. Atakuwa upande wako wa kulia.

Ni mimi mdogo wako,
Kibiriti