Obedi Malogo: Mwaka Mmoja na Daftari Lako la Maji

Mwaka umetimia, Obedi, tangu asubuhi ya tarehe 14 Agosti 1993, homa ya siku nne ilipokuchukua hapa nyumbani Kibakwe, ukiwa likizoni kutoka chuo kikuu. Mimi baba yako ndiye ninayesema, dada yako Hana anaandika. Nikikosea ananirekebisha, kama ulivyokuwa ukifanya wewe.

Tulipoambiwa unasomea uhandisi wa kemikali tulijua utatengeneza sabuni au dawa ya mahindi. Kumbe mwaka wa pili ukarudi unahangaika na maji. Maji! Hapa kila mtoto anayajua maji. Mama yako alikusikia ukilalamika kila siku, "Bernuli huyu ataniua," akadhani ni mwenzako wa chumbani. Alimwombea kanisani Jumapili mbili, naye Bernuli ni mzungu aliyekufa zamani, mwenye kanuni ya maji yapitayo bombani.

Ulikuwa mpole, lakini kwa ubishi ulinirithi mimi. Ulinieleza kwamba maji yakifika penye bomba jembamba yanakimbia zaidi, na yakikimbia nguvu yake ya kusukuma inapungua. Nikakwambia anayekimbia ndiye mwenye nguvu. Ukacheka, ukashika kichwa. "Hata mimi linanichanganya, Baba. Ndiyo maana nimepewa mtihani wa marudio Septemba." Ulikuwa umeficha habari hiyo wiki nzima. Hilo la bomba jembamba sijalielewa hadi leo, na sasa sina wa kubishana naye.

Ulisema utaelewa kwa mikono. Siku hizi mipira myeusi ya kupitishia maji inauzwa madukani Mpwapwa bila kusubiri kibali cha mtu, basi ukaenda ukarudi na mizigo minne juu ya lori la vitunguu. Ukachimba mtaro na mdogo wako Gideoni kutoka chemchemi ya mlimani hadi jikoni kwa mama yako. Kila jioni ulikaa na daftari lako, lile lenye herufi za Kigiriki zinazofanana na nyayo za kuku. Mwezi wa saba maji yakafika. Mama yako alipiga vigelegele, bibi yako Anna akaja kunawa uso kwa maji ya mjukuu.

Wiki tatu tu, kisha homa. Siku ya mwisho ulinishika mkono ukasema, "Baba, sijui kama nimeelewa kweli." Nikakujibu utaelewa ukipona.

Wachimba kaburi walikuta bomba lako limekatiza pale pale tulipokuchagulia, kando ya babu yako. Nikakataa. Maji hayawezi kupita kifuani pa mwanangu. Tukalitoa mtaroni, tukalipandisha juu ya panda mbili za miti, likapita hewani juu ya mawe yako na kushuka upande wa pili. Wazee wakasema tumefanya heshima, na mimi niliona hivyo hivyo.

Siku ya tatu maji yakakoma. Majirani wakasema yanaomboleza, yaacheni. Tukayaacha. Mama yako akarudia ndoo yake kichwani, akapanda mlima mwaka mzima bila kuninung'unikia.

Sasa nikuungamie, mwanangu, mbele ya wote wanaosoma. Mimi sikuamini kwamba maji yanaomboleza. Niliamini ulikosea hesabu. Nilisema moyoni: chuo kilikuwa na haki kumpa marudio. Nililibeba hilo mwaka mzima, na kila nilipopalilia kaburi lako niliona haya.

Juzi tulikuwa tukijiandaa kwa ibada hii, watu wengi, maji ya ndoo hayatoshi. Hana akaenda kukaa na daftari lako. Akakuta pembeni ya ukurasa umeandika kwa Kiswahili, juu yake pana maneno "Ya kumweleza Baba":

"Bomba likipanda kisha likashuka, hewa inakaa kwenye mgongo wake na kuziba njia. Pale juu pawe na tundu, hewa itoke."

Nikamwambia Hana, "Hewa haina uzito, itazibaje maji?" Akasema, "Sijui, Baba. Tujaribu." Akapasha moto sindano ya kushonea magunia, akapanda juu ya kiti, akatoboa bomba pale lilipoinuka zaidi, juu yako kabisa.

Lilitoa sauti ya kuzomea kwa muda mrefu. Likatema mate. Kisha jikoni mama yako akapiga kelele: "Baba Obedi! Yanakuja! Yanakuja!"

Nilikaa chini kwenye mawe yako nikalia mbele ya watoto. Hesabu yako ilikuwa sawa. Mlima ule wa bomba tuliuweka sisi, tulipolipandisha juu yako.

Tundu tumeliziba kwa kijiti. Kila Jumamosi Hana atakitoa, hewa itatoka, atakirudisha. Mimi bado sielewi. Lakini ulichoniuliza ukiwa umenishika mkono, leo naweza kukijibu: ndiyo, Obedi, ulielewa.

Wanaokukumbuka ni mimi baba yako Elieza Malogo, mama yako Dorothea, bibi yako Anna, wadogo zako Hana na Gideoni, na ukoo wote wa Malogo wa Kibakwe na Mlali.

Maji yakitiririka jikoni, jina lako linatajwa. Hatutakusahau kamwe.