Kitambaa Chini ya Kompyuta

Shangazi yangu mpenzi,

Ndoa tamu, Shangazi! Miezi miwili sasa, na bado mume wangu akikohoa tu chumba cha pili, moyo wangu unaruka.

Kile kitambaa kinene ulichotufumia nilikitandika mezani, chini ya kompyuta yake ya kuchorea ramani za nyumba. Kilipendeza! Lakini kompyuta ikaanza kuchemka na kujizima, michoro inapotea. Bosi wake akamwonya: akichelewesha ramani moja tena, kazi hana.

Jana nilirudi mapema. Nikamkuta ameiinua kompyuta juu ya vizibo vinne vya soda, kitambaa amekikunja mapajani. Kuniona tu, akaanza kukirudisha mbiombio.

“Wewe, unafanya nini?”

“Kinaziba matundu ya chini, mke wangu. Haipati hewa.”

“Mbona hukusema?”

“Ulikitandika kwa furaha vile, ningeanzaje?”

Kumbe kila nikitoka anakitoa, nikirudi anakirudisha! Nililia, Shangazi, kisha nikakiondoa mwenyewe.

Leo kompyuta imeshinda juu ya vizibo bila kuzima, na ramani imefika kwa bosi. Kitambaa kiko mabegani mwa mchoraji wangu. Amekataa kukivua.

Mimi mwanao,
mke wa mtu (nimependa tu kuliandika)