Udongo wa Makatambuga

Mpwa wangu Ntandu,

Siku mjomba wako nilipoingia Singida Mjini, shughuli zilisimama. Sikudanganyi. Bwana Shauri mwenyewe, yule Mzungu mkuu wa wilaya, alitoka barazani pa boma akanitazama mpaka nikapita, na naamini aliuliza yule mtemi ni wa wapi. Ungekuwa hai ungecheka, ungesema, "Mjomba, punguza kidogo." Sasa hakuna wa kunipunguzia, ndiyo maana naongeza tu.

Nilikwenda peke yangu. Mama yako alitaka nifuatane na mtu anayeujua mji, nikamwambia mji gani nisioujua mimi, na wakati huo nilikuwa sijavuka hata Ihanja hapo jirani. Alinituma kitu kimoja: udongo wa kaburi lako, kiganja kimoja tu, auzike nyuma ya nyumba, apate mahali pa kukulilia. Maana habari ya homa yako ilitufikia umeshazikwa huko huko ulikokuwa ukivunja mawe ya barabara.

Lori la magunia ya mtama likaniteremsha sokoni. Mji ule, mpwa wangu, mabati yanawaka mpaka macho yanatoa maji. Ziwa liko pale pale, nikalikimbilia na kiu yangu, kumbe chumvi tupu. Nikajifanya nasukutua. Na watu walivyo wengi, nami nikawaamkia wote kama nyumbani, mmoja mmoja, nasimama, nauliza watoto, ng'ombe, mvua. Wakubwa nikawapa shikamoo zao. Jua lilipofika utosini sijamaliza hata upande mmoja wa mtaa. Mama mmoja muuza karanga akaniambia, "Baba, ukisalimia hivyo hapa utazeekea njiani."

Makaburini nikamkuta mzee anapalilia. Nikamwambia namtaka Ntandu, mvunja mawe, mtoto wa dada yangu. Akasema, "Hapa hakuna Ntandu. Hapa kila mtu amelala na jina lake la ubatizo."

Nikamjibu kwamba mimi ni msomi, nitaisoma misalaba yote. Nikaisoma kweli, herufi kwa herufi, kidole juu ya mbao. Mingine mchwa wameila. Mingine haikuandikwa kitu. Mzee akauliza kama nimekupata. Nikajipangusa kidole. Akasema, "Au nikuchagulie kaburi moja?" Hakuwa na ubaya, ndivyo alivyozoea.

Huo ndio mji uliokuchukua, Ntandu. Mimi sikuuweza.

Niliporudi, mama yako alinipokea njiani, viganja viwili wazi. Nikamwambia kaburi nimeliona, zuri sana, ila serikali ya Mwingereza imepiga marufuku kuhamisha udongo. Hakubisha. Alitazama miguu yangu, akasema, "Kaka, hata huo uliogandia kwenye makatambuga yako?"

Ningefanya nini. Nikainua mguu mmoja, nikainua wa pili. Akakwangua kwa kucha, udongo wa sokoni, wa ziwani, wa kwenye lori, sijui wa wapi tena, akaufunga kwenye pindo la kaniki. Ameuzika. Ndipo anapokaa jioni. Haimbi tena akisaga, na mbuzi wako amezaa lakini hajaenda hata kumtazama. Mimi nikitaka kupita nazungukia nyuma ya zizi, nisimwone akiuongelesha.

Basi lala, mpwa wangu. Mavuno yakiisha nitarudi huko na mama yako, yeye atangulie, mimi nyuma. Sitegemei kitu. Mpaka wakati huo mchwa nao watakuwa wamemaliza kazi yao. Ila nitarudi, hilo nakuahidi.

Na kitu kidogo tu. Asubuhi ile kabla sijapanda lori, mama yako alinitajia jina lako la ubatizo mara mbili, akataka nilirudie alisikie. Nikamwambia mtu mzima hakaririshwi maneno kama mtoto wa shule. Lori halijafika mjini, jina limenitoka. Na mpaka leo naona haya kumuuliza.

Mjomba wako