Mkono wa Kitindamimba Umevimba

Mwanangu uliyelazwa huko,

Sisi wazima, hata kuku katotoa. Mimi nasema, mkeo anaandika. Nesi alituchoma sindano ya ngozini sote tuliolala nawe nyumba moja, ajue nani umemwambukiza kifua kikuu. Mkono wangu kimya, ngozi ya kiboko! Wa kitindamimba wako ukavimba, nami nikaukanda kwa maji moto. Nesi kurudi, akafoka: "Bibi, uvimbe ndio jibu, unaufuta?"

Mkeo ananifinya nisiseme. Nasema! Mtoto hajaugua, ila kaanzishwa dawa ya kinga. Akiitema namwambia, "Baba naye anameza." Kumbe wewe, nesi katuambia, zako unazificha chini ya godoro! Kesho nimwambie nini?

Ni mimi mama yako, roho juu.