Siku Kumi na Mbili za Kutafuta Kambi ya Bure

Nyumbani kwa Kane,
Kalgoorlie, Australia Magharibi.
19 Septemba 2023

Mpendwa mdogo wangu Lorna,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye vumbi jekundu. Goti lako linaendeleaje baada ya upasuaji? Na baridi ya Hobart imelegea, au bado mnalala na soksi? Mimi ni mzima, ukiondoa kiuno na nzi. Nzi nimeshameza wawili.

Utanisamehe nikiandika kwa hasira, maana haijaniisha. Kutoka Port Augusta hadi hapa ni safari ya siku tatu, nne ukijivuta. Mimi na kaka yetu Des tumetumia siku kumi na mbili. Gari halikuharibika wala hatukuugua. Tulikuwa tunatafuta pa kulala bure.

Unajua Kane alimwandikia baba yake, Des, mwezi wa sita. Ilikuwa barua ya kwanza tangu yale maneno waliyorushiana kwenye mazishi ya mama yake, Joan, miaka tisa iliyopita, Kane aliposema harudi shambani kwa kondoo. Alimwalika kwenye sherehe ya bintiye Maisie, anayetimiza miaka minne. Des hajawahi kumwona huyo mtoto. Akaniomba nimsindikize kwa kigari chake cha kulala. Nikakubali, mjinga mimi.

Siku za kwanza sikumlaumu. Ana kitabu cha kambi cha mwaka tisini na nane, na karibu kila ukurasa unadanganya. Pale ufukweni karibu na Ceduna, tulipolala sote na baba tukiwa wadogo, siku hizi kuna uzio na bango la faini. Kambi ya pili inapokea magari yenye choo ndani tu. Sisi tuna ndoo. Ya tatu tulifika saa nane mchana tukakuta karavani nyeupe zimejipanga kama meno, na bibi mmoja kwenye kiti chake akatuambia bila hata kuinuka, "Hapa pamejaa tangu asubuhi, wapenzi. Mngewahi." Mpakani mwa jimbo nako wakaguzi wa vyakula wakachukua vitunguu vyetu vyote na asali niliyomletea Kane.

Baada ya mpaka ndipo nilipoanza kumshangaa Des. Tulipata kambi nzuri, ya bure, ina meza na choo kisafi. Akazunguka na mikono kiunoni, akasema kuna upepo. Iliyofuata ilikuwa na jenereta la jirani. Nyingine aliikataa kwa sababu ya siafu, nami sikumwona hata siafu mmoja. Kwenye shamba moja la kondoo walitaka dola kumi na mbili tu, na maji ya moto ya kuoga yamo humohumo. Nikasema nitatoa mimi. Akanuna hadi kesho yake.

Siku ya tisa, tukiwa karibu kabisa na Balladonia, aligeuza gari. Lorna, tulirudi mashariki kilomita themanini, kwenye kambi aliyoikataa jana yake.

Tulipofika nilishuka nikaubamiza mlango. "Des, Jumamosi ni sherehe ya mtoto. Unatafuta kambi au unamkimbia Kane?"

"Natafuta pa kulala. Wewe ndiye unayelalamikia kiuno."

"Kiuno changu kiache. Nijibu."

Akawasha jiko la gesi, akalizima, akaliwasha tena. Kisha akasema bila kunitazama, "Nikifika akafungua mlango, nikakosa la kusema, itakuwaje? Nitasimama pale kama nguzo ya uzio?"

Nilitaka kumhurumia. Nakiri nilishindwa, nilikuwa na njaa, na nilinuka kama kondoo.

Asubuhi tulipofika Balladonia kutia mafuta, nilimpigia Kane simu kwa siri. Nikamwambia, "Mwanangu, baba yako hafiki. Mfuate." Nikamtajia kambi ya bure iliyo mbele kidogo, kwenye majabali. Tulipofika hapo nilitoa kiti changu, nikakaa, nikamwambia Des sisogei hata wakija askari. Alinilaani siku mbili mfululizo.

Alhamisi mchana Kane akatokea. Ameendesha zaidi ya saa tatu na amekonda. Upara ni wa baba yetu mtupu. Des alikuwa anageuza soseji. Hakuna aliyemkumbatia mwenzake.

"Umeshindwa kupaona kwangu, mzee?"

"Nilikuwa napumzisha gari."

"Siku kumi na mbili?"

"Ni gari la zamani."

Kane akala soseji mbili kwa mkate, amesimama. Kisha akasema, "Uani kwangu pana nafasi. Maisie ameshaichora mistari kwa chaki, anasema ni ya gari la babu. Asubuhi kaniuliza kama aifute."

Des akaanza kukunja meza. Tukaingia Kalgoorlie jua halijazama. Jumamosi alikula keki tatu, akapakwa rangi za simbamarara usoni, akakaa nazo hadi jioni.

Usidhani nimetulia. Kitanda alichotandikiwa amekikataa, analala garini uani. Neno la msamaha sijalisikia kwa baba wala kwa mwana. Kutwa wameinamia injini na kubishana kuhusu plagi. Mimi nataka nyumba yangu ya Port Pirie na bafu langu, na nikimuuliza Des tunaondoka lini anajifanya kiziwi. Nimeanza kuulizia basi.

Msalimie sana Neville, na wanao Tamsin na Bridie. Mbwa mkune masikio kwa niaba yangu. Mungu aliponye goti lako upesi, na akulinde na kaka wakaidi, ingawa sisi kwa huyu tumeshachelewa.

Jana wakati wa chai Des alimuuliza Kane kama manispaa inaruhusu gari la kulala kukaa uani zaidi ya wiki. Kane akajibu kwamba hajui, na hana mpango wa kwenda kuuliza.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa nimenuna,
Glenys