Nyumba ya Kulia kwa Lango

Kaloleni,
Kisumu.
19 Machi 1988

Kwa kaka yangu mpendwa Obiero,

Pokea salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, kile kikohozi ulichonieleza kimekwisha, na joto la Changamwe halijakumaliza nguvu. Mimi sijambo. Mama hajambo pia, isipokuwa magoti yake, ambayo mvua ikianza humkumbusha umri. Wanao Awino na Opiyo ni wazima kabisa, na mama yao ni mzima. Nimetanguliza hilo kwa makusudi, ili unaposoma yanayofuata usiwe na hofu ya uhai wa mtu. Hakuna aliyekufa na hakuna aliyelazwa hospitali.

Utashangaa kwamba leo naandika kwa Kiswahili. Katika lugha yetu kuna mambo ambayo mdogo hamwambii mkubwa wake, na nimejaribu mara kadhaa, kalamu ikakataa. Kwa Kiswahili naona nitathubutu. Ukimaliza kusoma, nitukane kwa lugha yoyote unayotaka.

Kazini tuna shughuli nyingi. Tunachimba mashimo ya kupima ardhi mahali panapokusudiwa kujengwa ghorofa karibu na stendi ya mabasi, na Bwana Wasike, yule mkubwa wangu kutoka Bungoma, hapendi kuona mtu amesimama. Nyumbani bado naitwa Zadock wa Matope. Mtu amesoma mpaka Nairobi, akarudi kuosha udongo kwenye gilasi: hayo ni maneno ya Baba Mdogo Ochieng, na huyasema kila akiniona. Mimi hucheka, maana kazi yenyewe kweli ndiyo hiyo.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Mwezi wa Novemba uliniomba niende Nyamasaria nikaitazame nyumba yako. Nilikuta ufa unaoanzia kwenye kona ya dirisha la chumba cha watoto na kushuka bloki kwa bloki mpaka chini. Kidole cha Awino kiliingia humo bila taabu. Nilibandika kipande chembamba cha kioo juu ya ufa, plasta huku na plasta huku, kama tunavyofanya kazini. Kioo hakinyumbuki, kwa hiyo ukuta ukisogea hata kidogo, kinapasuka. Nilimwomba shemeji Lornah awazuie watoto wasikiguse. Niliporudi kabla ya Krismasi, kilikuwa kimekatika katikati. Nikabandika kingine, nacho kikakatika. Watoto waliapa kwamba hawakukigusa na ninawaamini, kwa sababu Awino alikuwa akikilinda kile kioo kama kifaranga chake, akiwafukuza wenzake wasipite karibu.

Ndipo nikachimba shimo nyuma ya nyumba. Wewe unaujua udongo ule mweusi, unaong'ang'ania jembe wakati wa mvua, na wakati wa kiangazi unapasuka mpaka mguu wa mbuzi unazama. Nilichimba hadi kichwa changu hakikuonekana tena, na bado ulikuwa mweusi vilevile. Niliubeba hadi maabara, tukaukausha, tukausaga, tukauweka kwenye gilasi ndefu yenye alama na kumimina maji. Kesho yake ulikuwa umeumuka karibu mara mbili, kama unga wa mandazi. Bwana Wasike aliitazama ile gilasi akaniuliza ni nani aliyejenga pale. Nilipomwambia ni kaka yangu, alisema niwatoe watu mle ndani kabla ya mvua za Machi. Alinieleza kwamba nyumba ilijengwa kiangazi, udongo ukiwa umejikunja, na msingi wake ni mfupi. Kila mvua inauinua pembe moja na kila jua linaushusha. Kuokoa nyumba ya namna hiyo kunawezekana, alisema, lakini ni kazi kubwa kuliko kujenga nyingine mahali pengine.

Sikulaumu wewe, Kaka, wala simlaumu marehemu Baba. Yeye alikuonyesha ardhi kama yeye mwenyewe alivyoonyeshwa. Wewe ni mtoto wa kwanza, boma lako linakaa kulia kwa lango lake; mimi ni wa pili, langu ni kushoto. Nakumbuka asubuhi ile ya kuweka boma lako, Baba mbele na jogoo, wewe na shoka, Lornah nyuma yenu na moto, na sisi wengine tukitazama kwa furaha. Hakuna aliyeuliza kuna nini chini. Kulia kunateremka kwenda kwenye mafunjo. Kushoto kuna changarawe nyekundu, ngumu, kina cha goti tu. Nimepachimba napo, kwa hiyo najua.

Mwezi wa Januari niliwaendea wazee. Niliibeba gilasi yangu, nikamimina maji mbele yao, na niwe mkweli, walinisikiliza kwa heshima, wakarudi kesho yake kutazama udongo ulivyopanda. Walisema ni ajabu. Kisha Baba Mdogo Ochieng akasema kwa upole kabisa, "Zadock, hii nyumba haina makosa ya udongo. Iko na makosa ya watu." Akanikumbusha kwamba likizo yako iliisha kabla mabati hayajapigiliwa, ukarudi Mombasa, na Lornah akaingia na kulala usiku wa kwanza bila mume, kana kwamba ni mjane. Nyumba iliyoingiliwa hivyo haiwezi kutulia. Dawa yake ni wewe kuja Pasaka, ulale humo na mkeo, mambo yatengenezwe. Mama alikubaliana nao. Wote walikuwa wakikutakia mema.

Lakini maneno ya wazee yakitoka kwenye kikao hayarudi yakiwa yaleyale. Huko bombani wanawake walianza kusema kwamba Lornah ndiye aliyeleta chira, ule mkosi wa mtu aliyevunja mwiko, na kwamba ufa ulikuwa ukimtafuta yeye. Kuna aliyemkataza mtoto wake kula kwake. Yeye aliendelea kuchota maji yake, unamjua. Nilipomsihi ahamie na watoto kwenye jiko la zamani la Mama hadi utakapokuja, aliniambia, "Shemeji, mimi nikitoka hapa watasema nimeacha boma ya Obiero. Afadhali huo ukuta." Nilibishana naye mpaka giza likaingia.

Nilikuandikia hayo yote, na jibu lako lilikuja Februari. Uliandika kwamba umesikia, na utakuja Pasaka kulala katika nyumba: mambo ya wazee kwanza, mambo ya udongo baadaye. Nilikukasirikia, Kaka. Sijawahi kukukasirikia hivyo tangu tuzaliwe. Nilikuona umelala katika chumba kile, wewe na Lornah upande mmoja wa ukuta na watoto upande wa pili, na mvua inanyesha juu yenu.

Mvua zimewahi mwaka huu. Jumatatu hii Lornah aliamka akakuta mlango wa chumba cha watoto haufunguki. Fremu ilikuwa imebanwa kutoka juu. Alisukuma kwa bega, akaita majirani, na watoto ndani wakaanza kulia. Ilibidi watolewe kupitia dirishani, Opiyo akakwaruzwa tumboni. Nilipofika kutoka mjini, seremala alikuwa amekwisha kuupiga randa ule mlango, ukawa unafungika vizuri kabisa, na watu walikuwa wameketi wakinywa chai na kumtania Opiyo kwamba ametoka kama mwizi. Hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli. Niliona kwamba hata ukuta ukilala, watauegemeza na kunywa chai.

Basi nitaandika sasa. Kaka, nyumba yako nimeibomoa.

Ilikuwa juzi Alhamisi. Lornah alikuwa amempeleka Opiyo kliniki Kisumu, Awino yuko shule. Niliichagua siku hiyo kwa sababu hiyo, na kati ya yote niliyofanya, kumvizia ndilo jambo ninaloliona aibu zaidi. Nilikuja na Waliaula na vijana wengine wanaotuchimbia mashimo kazini. Tulitoa vyombo vyote kwanza, tukavifunika kwa turubai. Tukashusha mabati moja moja, tukayapanga. Madirisha na milango ni mizima, hata ule uliopigwa randa. Kisha tukaanza kuta.

Utaambiwa na wengine, kwa hiyo nikuambie mwenyewe: ukuta haukuanguka kirahisi. Nilidhani ule wa chumba cha watoto tungeusukuma kwa mikono. Tuliupiga kwa nyundo na mitaimbo mpaka jua likawa kichwani, na watu waliokusanyika wakawa wanasema waziwazi kwamba nyumba ya Obiero ni imara, anayeugua ni Zadock. Nilitokwa na jasho la woga kuliko la kazi. Sijui ungesimama mwezi mwingine au miaka kumi mingine. Hakuna kipimo cha kazini kwetu kinachoweza kuniambia, na mtu akiniuliza nitasema sijui.

Tulipofika kwenye msingi, pembe ya chumba cha watoto ilikuwa haikalii kitu. Udongo ulikuwa umejiondoa chini yake. Niliingiza mkono ukaenda mpaka begani. Nikamwita Baba Mdogo Ochieng, ambaye alikuwa ameniambia mara moja tu niache, kisha akakaa kwenye kigoda akitazama chini. Alikuja, akapiga magoti kwa taabu, akaingiza mkono wake naye. Alipoinuka alipangusa mkono kwenye suruali akaniambia, "Mkono umeingia, ndiyo. Lakini si wewe wa kubomoa." Akaenda zake. Neno hilo nimelibeba siku mbili, kwa sababu ni la haki. Nyumba ya mkubwa haiguswi na mdogo wake, hata ikiwaka moto, mdogo huita watu. Mimi sikuita mtu, kwa kuwa nilijua watakaokuja watakuwa wamebeba chai.

Wazee walikaa jana. Wamesema nisikanyage ndani ya boma mpaka wewe uje na useme. Pia kuna hili, ambalo utakuwa umeshalifikiria kabla sijaliandika: kwa kuwa wewe sasa huna nyumba, mimi siwezi kujenga, maana mdogo hamtangulii mkubwa. Watu wa kwa kina mchumba wangu Anyango walikuwa wamekubali kwamba baada ya mavuno nitaweka boma na kumleta. Nilienda kumweleza. Hakunigombeza, aliniuliza tu ni kwa muda gani. Nimewaambia wazee kwamba niko tayari uchukue upande wangu wa kushoto, wenye changarawe, mimi nikae kulia au nikose kabisa. Walisema hawajawahi kusikia mkubwa akihamia kushoto. Labda wewe ukiwaambia watasikia, maana wewe ndiwe uliyezaliwa kwanza, na neno lako lina uzito ambao gilasi yangu haina.

Njoo Pasaka kama ulivyoahidi. Wakitaka utengeneze mambo, tengeneza. Wakitaka nitoe mbuzi, nitatoa. Ukitaka kunipiga, nitasimama wima. Nilichokuwa sitaki ni wewe kuja kulala katika chumba kile, na sasa huwezi, hata ukinichukia. Ukiniuliza kama najuta, nitakujibu kwamba usiku nalala nikijuta na asubuhi naamka nikiwaona watoto wako wanakimbia, na siwezi kuyapatanisha hayo mawili.

Mama anakusalimu sana. Ameniletea chakula langoni, kwa kuwa siruhusiwi kuingia, akaniangalia nikila, akaondoka na sahani bila kusema nimekosea wala nimefanya vyema. Awino anakusalimu na anataka viatu vyeusi vya shule. Opiyo kidonda chake kimekauka. Wote wawili wanalala kwa nyanya yao.

Lornah naye. Aliporudi kutoka kliniki alisimama pale ilipokuwa sebule yake, akatua mkoba, akauliza sufuria zake ziko wapi. Hakulia mbele yangu. Mama alimwita aje alale jikoni kwake, akakataa. Alichukua yale mabati, akayaegemeza kwenye nguzo mbili za ua, akatandika mkeka chini yake, juu ya ule udongo mweusi, na huko ndiko analala, mvua na yote. Nilimtuma Waliaula amsimamishie nguzo imara na kuchimba mfereji wa maji pembeni, ndicho pekee alichokikubali kutoka kwangu. Tangu hapo hajanisemesha, isipokuwa jana jioni. Nilikuwa nimesimama nje ya lango nikitaka kurudi mjini, akaja mpaka upande wake wa ndani na kuniambia niandike kama anavyosema, nisiongeze langu. Nimeandika:

"Mwambie Obiero nyumba ndiyo imetoka. Mimi bado niko kwake."

Salamu kwa wote wanaokaa nawe huko. Mungu akufikishe salama.

Ni mimi mdogo wako, nikungojeaye nje ya lango,

Zadock Oduor