Ukurasa Uliokuzuia Kwenda Kikaoni

Mama yangu,

Leo nimerudisha maktaba vitabu vyote, nikabaki na kimoja. Ni kile cha sheria ya mirathi, ambacho si cha maktaba. Ni ile nakala niliyotoa mwenyewe kwa fotokopi, yenye jalada la kijani, uliyokuwa ukiifuta vumbi kama Biblia juu ya meza yetu pale Mbugani. Nimekichukia kitabu hiki, mama, lakini kukitupa nimeshindwa.

Unakumbuka likizo niliyokuja nacho? Baba alikuwa na wiki tatu tu kaburini. Ulikuwa umeanika kokoa uani, unazigeuza kwa mkono, nami nimekaa kwenye kigoda nakusomea Kiingereza na kukufasiria. Ulicheka uliposikia mifano yao. Mjane wa kitabuni ana wakili, ana hati ya nyumba, na shemeji zake wakimtaka wanamwandikia barua. "Huyo mjane anaishi wapi nikamtembelee?" ukaniuliza. Nikakwambia nchi za watu. Vitabu vyetu karibu vyote ndivyo vilivyo. Vina majaji hodari na sentensi ndefu, ila humo ndani sijawahi kukutana na mtu anayefanana na wewe.

Kisha baba mdogo akatuma ujumbe kwamba kikao cha ukoo ni Jumamosi. Ukatoa kitenge kipya sandukuni. Mimi, mwanafunzi wa mwaka wa pili, kichwa kimenivimba, nikaweka kidole kwenye ukurasa: kikao cha ukoo si takwa la sheria, mahakama ndiyo inayomteua msimamizi wa mirathi. Nikasema usiende, maana ukienda utawapa nguvu wasiyokuwa nayo.

Ukaniuliza, ukiniita mama kama ulivyozoea: "Sasa mama, hicho kitabu kitanisemea huko?"

Nikajibu kwamba hakuna haja ya kusemewa. Ukakikunja kitenge ukakirudisha. "Ndaga, asante mwanangu. Wewe ndiye uliyesoma."

Jumatatu tukapanda bajaji hadi mahakama ya mwanzo kufungua shauri la mirathi. Karani wa dirishani hakuuliza sheria inasemaje. Aliuliza, "Muhtasari wa kikao cha ukoo uko wapi?" Nikafungua kitabu nimwonyeshe, wala hakukitazama. Akatuambia baba mdogo alishapita asubuhi, ameshafungua shauri, na muhtasari wake umesainiwa na watu kumi na mmoja. Mahali pa jina lako waliandika: mjane aliitwa, hakutaka kuja. Na kweli uliitwa, na kweli hukwenda.

Baba mdogo alipoteuliwa, shamba la kokoa likawa la ukoo, nyumba nayo ikafuata. Nilikuandikia pingamizi la kurasa nne. Ukakataa kuweka dole gumba, ukasema umechoka kuitwa mbele za watu. Ukarudi kwenu Ikombe kwa mtumbwi, kwa dada zako, ukafinyanga vyungu ingawa kifua kilikuwa kikikusumbua siku zote. Hukunilaumu hata siku moja. Afadhali ungenilaumu. Ulipofariki nilikuwa chuoni, na nilipofika nilikukuta umeshafunikwa udongo.

Mwezi uliopita swali lile lilikuja kwenye mtihani wetu: je, kikao cha ukoo ni takwa la sheria? Nikajibu kama kitabu kinavyosema. Nimepata alama za juu kuliko darasa zima. Mhadhiri alisoma jibu langu kwa sauti, wenzangu wakapiga makofi, nami nikatoka nje nikalia nyuma ya ukumbi.

Kitabu hakikukosea, mama, na hicho ndicho kinachoniuma. Aliyekiandika hakuwahi kusimama kwenye dirisha lile, sawa. Lakini mimi nilizaliwa Kyela. Nilijua watu wetu wanavyokaa wakaamua, na anayekosekana anavyosemwa. Nilijua yote hayo, nikaona aibu kuyajua kwa sababu hayakuandikwa mahali.

Kuna binti wa mwaka wa kwanza aliyefiwa na baba yake juzi. Ameniomba kitabu hiki asome kabla ya kwenda kwao, na kesho nitampa. Kando ya ukurasa ule nimemwandikia kwa wino: Hii ni kweli. Lakini mwambie mama yako aende kikaoni.

Pumzika, mama. Kitenge chako ninacho, bado kina mikunjo uliyoikunja mwenyewe.

Ni mimi mwanao,
uliyemsikiliza.